Joystiki ya arkedi kutoka kwenye ndoo ya pedi mbovu

Swali: Shikamoo fundi. Nina miaka 22 na naendesha kibanda cha gemu hapa Tanga, TV mbili na PS2 mbili. Nimejaza ndoo nzima ya pedi mbovu. Nyingi vijiti vya analogi vimekufa au waya umekatika shingoni. Kuna za PS2 orijino, za PS2 feki, mbili za USB za kompyuta na moja ya Xbox 360 yenye waya. Wateja wa Tekken, ule mchezo wa kupigana, wananiomba niwawekee joystiki kama za zile mashine za arkedi za kutumbukiza sarafu, lakini mpya sina uwezo nazo. Nilijaribu kwa pedi moja ya PS2 orijino: nikachomea nyaya ndani, nikaunganisha na swichi za kengele ya mlango. Mchezaji akaanza kurusha ngumi mwenyewe, hakuna aliyegusa kitu. Nimekosea wapi? Na kwenye hii ndoo kuna cha kufaa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mikono yako haina kosa. Umeangushwa na pedi uliyoichagua, na karibu kila anayeanza kazi hii huangukia hapohapo, kwa sababu tumezoea kwamba orijino ni bora kuliko feki. Kwa joystiki mambo yamegeuka: feki ndiyo utakayoanza nayo.

Ifungue tena ile pedi uliyochomea. DualShock 2, iliyotoka pamoja na PS2 mwaka 2000, ina vitufe vinavyopima nguvu ya kidole. Mishale yote minne, alama zote nne, L1, L2, R1 na R2 viko hivyo. Start, Select, kile cha Analog na vile vya kubonyeza vijiti ndivyo pekee vya kuwasha na kuzima tu. Chini ya mpira utaona karatasi laini ya plastiki yenye madoa meusi ya kaboni, na hiyo ndiyo inayopeleka habari kwenye bodi. Kidole kikigusa kwa wepesi, kaboni inagusana kidogo na ukinzani unakuwa mkubwa. Kikikandamiza, ukinzani unashuka. Kwa hiyo bodi haiulizi "kimebonyezwa au hakijabonyezwa", inauliza "kimebonyezwa kiasi gani". Ulipochomea waya karibu na pale karatasi inapokutana na bodi, joto lilivuruga mguso, maana plastiki ile haivumilii risasi ya moto ya kuchomea nyaya. Mguso ukishalegea, bodi inasoma viwango ambavyo hakuna kidole kilichovitoa, na mchezaji wako anapigana na hewa. Wapo wanaoitumia bodi hiyo kwa kuongeza rezista, vile vidude vya kukinza umeme, na kuhangaika sana. Wewe una ndoo nzima, huna sababu ya kuhangaika. Chukua waya na plagi yake, bodi iache.

Sasa shika zile feki. Waliozitengeneza walikwepa gharama ya ile karatasi, hivyo nyingi zina bodi ya kawaida yenye miguso ya kaboni iliyochapwa juu yake, na chipu iliyofunikwa kwa tone jeusi la gundi. Kila mguso una nusu mbili zilizoingiliana kama vidole vya mikono miwili visivyogusana. Mpira wenye kidonge cheusi ukishuka, unaziunganisha, na kitufe kimebonyezwa. Ni swichi tupu, nasi tunachotaka ni kuihamisha swichi hiyo kutoka ndani ya pedi hadi juu ya boksi. Kama kuna mtu hapo Tanga ana pedi ya zamani ya PS1, ile ya kijivu isiyo na vijiti kabisa, mbadilishane na chochote anachotaka. Ni bodi rahisi kuliko zote nilizowahi kuchomea, na michezo mingi ya kupigana ya PS2 inaikubali.

Vijiti vilivyokufa visikutie wasiwasi kwa upande wa PS2. Pedi ikiwa na taa nyekundu ya analogi imezimwa, haipeleki habari yoyote ya vijiti kwenye mashine, inapeleka vitufe tu. Tekken inachezwa kwa mishale na vitufe vinne: ngumi ya kushoto, ngumi ya kulia, teke la kushoto, teke la kulia. Ilizaliwa hivyo mwaka 1994 kwenye mashine za sarafu za kampuni ya Namco, na bodi iliyokuwa ndani ya mashine hizo, System 11, ilijengwa juu ya vifaa vya PlayStation yenyewe. Wateja wako hawaombi kitu kigeni. Wanaurudisha mchezo kwenye mpini, ile fimbo ya joystiki, ulioanza nao.

Kabla hujawasha pasi ya risasi, kaa na mita ya kupimia umeme. Hatua hii ndiyo wanaoiruka wanaolia baadaye, na mimi nililia: bodi zangu tatu za mwanzo zilikufa kwa sababu nilichomea kwanza nikauliza baadaye. Unachotafuta ni kujua kama vitufe vyote vya bodi vinashirikiana upande mmoja wa erthi, ambayo mafundi redio wengi wanaiita negativu.

Kwanza ijue erthi iko wapi. Kwenye pedi ya USB kawaida ni waya mweusi, lakini kwenye feki rangi za waya zinadanganya, usiziamini peke yake. Tafuta kapasita, kile kidude cha kutunza umeme, ya duara iliyosimama kwenye bodi. Mguu ulio upande wa mstari wa alama ya kutoa, karibu kila mara, umeunganishwa na erthi. Hakikisha kwa kuangalia kama mguu huo unaungana na lile eneo pana la shaba linalozunguka bodi. Weka ncha nyeusi ya mita hapo na usiiondoe. Kwa ncha nyekundu gusa nusu moja ya kila mguso, halafu nusu ya pili, kitufe kwa kitufe, na uandike kwenye karatasi.

Angalizo ambalo limewapoteza wengi: usitegemee mlio wa mita peke yake. Kaboni iliyochapwa ina ukinzani wake, wakati mwingine wa kutosha kuifanya mita inyamaze ingawa njia ipo. Weka mita kwenye kipimo cha omu 2000 na usome namba. Kama unataka uhakika wa mlio, kwaruza kaboni kidogo kwa ncha ya wembe mpaka shaba ing'ae, upime juu ya shaba.

Ukikuta kila kitufe kina nusu moja inayoungana na erthi, shukuru, hiyo ndiyo bodi yako. Utahitaji waya mmoja tu wa erthi utakaozunguka swichi zote, na waya mmoja wa ishara kwa kila kitufe. Kwa Tekken pamoja na Start na Select hiyo ni mishale minne, vitufe vinne na hivyo viwili: nyaya kumi za ishara na mmoja wa erthi. Mimi ningeongeza L1 na R1 pia, kwa sababu siku mteja akitaka Street Fighter atahitaji vitufe sita.

Ukikuta hakuna nusu inayogusa erthi, ila vitufe vinashirikiana kwa makundi, kwa mfano mishale miwili na Start viko kwenye njia moja na vingine kwenye njia nyingine, hiyo ni bodi ya gridi. Chipu yake hutuma umeme kwenye safu moja baada ya nyingine na kusikiliza upande wa pili. Bado inatumika, lakini kila kitufe lazima kipelekewe nyaya zake mbili bila kuunganishwa na cha jirani. Ukiizungushia erthi moja kama ile ya kwanza, ukibonyeza kimoja vitaitika viwili au vitatu. Na hapo hata mpini unaathirika, nitakueleza. Usichukulie kwamba pedi mbili zenye sura moja zina bodi moja. Hao wa feki hubadilisha bodi wanavyopata vifaa, ganda likabaki lilelile. Pima kila moja.

Kisha fanya jaribio moja la mwisho lisilohitaji risasi. Chomeka bodi kwenye PS2, washa mchezo, shika kipande cha waya. Ncha moja ishike kwenye erthi, nyingine gusa nusu ya pili ya mguso wa X. Mchezaji akipiga, umepata. Umeme uliopo hapo ni volti chache tu, hautakudhuru. Pita vitufe vyote. Bodi ikivuka jaribio hili, iandike jina kwa kalamu ya wino mzito na uitenge na ndoo.

Sasa pesa. Kila kitu kwenye joystiki hii kinaweza kutoka jalalani isipokuwa mpini. Nimejaribu kutengeneza mpini kwa boliti, springi ya kalamu na mpira wa viatu. Unafanya kazi wiki mbili, halafu unaanza kuchechemea kwenye pembe, na Tekken yote iko kwenye pembe: chini-mbele, nyuma-chini. Nunua mpini. Ule wa Kijapani wanaousifu wengi ni Sanwa JLF, mwepesi mkononi, na una plagi ya pini tano: mishale minne na erthi moja. Kwa bodi ya gridi usiununue, kwa kuwa swichi zake nne zimeshaunganishwa pamoja upande wa erthi ndani ya kijibodi chake na huwezi kuzitenganisha. Mipini ya Kichina ya bei nafuu ina maikroswichi nne zilizojitegemea, kila moja na miguu yake, na hiyo inakubali bodi ya aina yoyote. Kwa kibanda chako, ambako vijana wataivuta kama wanang'oa muhogo, ningeanza na ya Kichina, na ningenunua miwili, mmoja wa akiba. Kwa Dar vifaa vya namna hii vitafute kwa wauza vipuri wa elektroniki Kariakoo. Wasipokuwa nao wana watu wa kuagiza.

Wachezaji wa Tekken wa Korea Kusini, ambao ni wakali mno, wana mpini wao usiotumia springi. Unarudishwa katikati na pete nene ya mpira. Nakutajia kwa sababu springi ya mpini wa Kichina ikilegea, pete ya mpira iliyokatwa vizuri kwenye tairi inaweza kuokoa siku. Ni kazi ya majaribio, usitarajie ikae sawa mara ya kwanza.

Vitufe ukiweza nunua vile vya arkedi, si ghali kama mpini. Usipoweza, maikroswichi zipo mitaani. Mlango wa oveni ya maikrowevu kwa kawaida una swichi tatu za umbo lilelile linalotumika chini ya vitufe vikubwa vya arkedi. Lakini nisikilize kwa makini: oveni hiyo usiifungue mwenyewe. Kapasita yake inaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Nenda kwa fundi wa maikrowevu, mwombe swichi kutoka kwenye zile alizokwisha kuzifungua, atakuuzia kwa bei ya soda. Nyingi ni ngumu kidogo kubonyeza, kwa hiyo zijaribu kwa kidole kabla ya kulipa. Mashine za fotokopi zilizokufa nazo zina swichi kwenye milango yake, na hizo mara nyingi ni laini zaidi. Panya mbovu za kompyuta zina vijiswichi vidogo vyenye mlio mtamu. Ni vidogo mno kwa kitufe cha ngumi, ila vinafaa sana kwa Start na Select. Zile za kengele ya mlango zirudishe kwenye kengele. Zinabonyea mbali sana, na kidole kinachoka kabla ya raundi ya tatu.

Maikroswichi ina miguu mitatu. Mmoja umeandikwa COM (wa pamoja), wa pili NO (wazi usipobonyeza), wa tatu NC (umeungana usipobonyeza). Tumia COM na NO. Ukitumia NC kitufe kitakuwa kimebonyezwa muda wote na kitaachia pale utakapokibonyeza. Swichi za maikrowevu huja za aina tofauti kwenye mlango mmoja, na baadhi zina miguu miwili tu, kwa hiyo pima kwa mita: bila kubonyeza kimya, ukibonyeza mlio.

Tuingie kwenye kuchomea. Pasi ya wati 25 mpaka 40 yenye ncha nyembamba inatosha. Ile kubwa ya kuchomea masufuria iache mbali, itang'oa njia za shaba kwenye bodi kama ganda la ndizi. Kaboni haishiki risasi kabisa, hata ukiiloweka kwenye dawa. Kwaruza mpaka shaba, pangusa, weka dawa ya risasi, paka risasi kidogo kwenye shaba na kidogo kwenye waya, kisha uzikutanishe. Sekunde mbili, ondoa. Afadhali zaidi, usichomee kwenye mguso wenyewe. Fuata njia yake inakokwenda, mara nyingi itapita kwenye kitundu kidogo kinachovuka upande wa pili wa bodi. Chomea kwenye kitundu hicho, ni imara kuliko uso wa mguso. Njia ikinyanyuka usikate tamaa na bodi, ifuate mpaka kitundu kinachofuata au mpaka mguu wa sehemu nyingine iliyounganishwa nayo.

Kwa nyaya, tafuta ule utepe mpana wa kijivu uliokuwa ukiunganisha diski kuu (hard disk) kwenye kompyuta za zamani. Ule wa nyaya 40 ni mwepesi, unakunjika, na nyaya zake zimeshikana kwa mpangilio, huchanganyikiwi. Waya mgumu wa mtandao wa kompyuta unaotumiwa ukutani usiutumie kwenye bodi. Una msingi mmoja wa shaba usiopinda, na kila unapousogeza unavuta njia ya shaba iliyo chini. Ukishamaliza nyaya zote na kuzijaribu, mwaga gundi ya moto juu ya kila jicho la risasi ili mvuto wowote uishie kwenye gundi. Watu huiona hatua hii kama pambo, lakini ndiyo inayoamua kama joystiki itakaa mwaka au mwezi.

Upande wa vitufe usichomee ukiweza. Tumia vile vibanio vya kusukuma vya shaba ambavyo mafundi wa magari wanavyo. Vitufe vya Sanwa vinachukua kibanio cha milimita 2.8, vile vya Kichina vyenye maikroswichi chini mara nyingi 4.8. Faida yake utaiona siku kitufe kimekufa saa mbili usiku na wateja wamejaa: unachomoa, unachomeka kingine, mchezo unaendelea. Hapo ndipo joystiki inapoipita pedi kwa biashara yako. Pedi ikifa kitufe kimoja inaingia kwenye ndoo nzima nzima.

Waya wa erthi uanze kwenye bodi, uende COM ya swichi ya kwanza, utoke hapo uende ya pili, mpaka ya mwisho, kama uzi wa shanga. Kisha kila NO ipate waya wake wa ishara.

Mtego wa mpini wa Kichina ni huu: fimbo ina egemeo katikati, kwa hiyo ukisukuma kichwa juu, mkia chini unakwenda kinyume. Swichi inayobonyezwa ni ile iliyo upande wako, si ile ya mbali. Ukiunganisha kwa macho, mchezaji wako atainama ukimwambia aruke na atarudi nyuma ukimwambia aende mbele. Geuza boksi, sukuma mpini, sikiliza mlio unatoka swichi gani, ndiyo uiandike.

Boksi nitalipita haraka, seremala wa jirani anajua zaidi yangu. Urefu sentimita 40, upana 25, kina sentimita 8 hadi 10 vinatosha. Juu weka plaiwudi. Ikiwa nene, ichonge kwa chini pale mpini unapokaa, zibaki milimita 5 au 6 hivi, la sivyo fimbo itatokeza fupi na mkono utagonga ubao. Vitufe vikubwa vya Kijapani vinataka tundu la milimita 30, vidogo 24, vile vya mtindo wa Kimarekani karibu 28. Pima chako kabla ya kutoboa. Kile kikata tundu cha duara cha kufungia vitasa vya milango kinafanya kazi safi. Kwenye ubao nunua vitufe vya kufunga kwa nati, kwa sababu vile vya kunasa kwa vikucha vya pembeni vimekusudiwa bamba jembamba na kwenye ubao mnene havishiki. Kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake acha kama milimita 36. Mpangilio usiutoe kichwani: mwambie mteja wako mrefu aweke mkono juu ya karatasi vidole vikilegea, chora ncha za vidole, kisha fanya vivyo hivyo kwa mfupi, upitie katikati.

Chini ya boksi funga kipande cha kigae cha sakafu. Joystiki nyepesi inaruka mchezaji akichemka. Ukiifikisha kilo 2 na nusu au 3 itatulia. Chini ya kigae gundisha vipande vya tyubu ya baiskeli, haitateleza mezani wala mapajani.

Na kwa kuwa uko Tanga, bahari ipo mlangoni. Hewa ya chumvi inakula shaba. Bodi ikishajaribiwa, pakaza rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya sehemu zote ulizokwaruza na macho ya risasi, kabla ya gundi ya moto. Rangi hiyo isiguse plagi wala ndani ya maikroswichi.

Waya wa kuingia kwenye PS2 utoboe kwa nyuma, ufunge fundo au ubane kwa kibanio ndani ya boksi kabla haujafika kwenye bodi. Pedi zako nyingi zimekufa shingoni kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuzuia mvuto. Uliokatika shingoni haujafa wote: kata sentimita kumi zile mbovu, pima kila waya kutoka kwenye pini ya plagi mpaka mwisho, uchomee upya. Usihamishe waya wa pedi moja kwenda bodi ya pedi nyingine kwa kufuata rangi. Fuata pini. Plagi ya PlayStation ina nafasi tisa, na moja yake ina karibu volti 7 na nusu kwa ajili ya mota. Ikiingia kwenye njia ya volti 3 chipu haitapona. Mota zenyewe kata, kila ncha uifunge kwa tepu yake. Hakuna anayetaka boksi la ubao litetemeke.

Zile mbili za USB ziweke kwa siku utakapoleta kompyuta kibandani. Zipime kwa njia ileile. Kwenye nyingi, taa ya analogi ikizimwa, mishale inajifanya kijiti, na michezo ya kompyuta inaipokea bila shida.

Ya Xbox 360 inataka uangalifu zaidi. Haina kitufe cha kuzima analogi, kwa hiyo kijiti kibovu kitaendelea kusema uongo hata ndani ya boksi, na ukikikata tu ni vibaya zaidi, kwa sababu njia iliyo wazi inasoma chochote. Ng'oa kijiti kibovu, halafu kwa kila mhimili (juu-chini, na kushoto-kulia) weka rezista mbili zinazolingana, kilo-omu 10 kila moja: moja kutoka kwenye upande wa umeme hadi tundu la kati, nyingine kutoka tundu la kati hadi erthi. Bodi itasoma nusu ya umeme, yaani kijiti kimetulia katikati. Kijiti kina mihimili miwili, kwa hiyo ni rezista nne. Vile vifyatuo viwili vya nyuma navyo ni vya kupima kiwango. Viache mahali pake na springi zake, usivikate, na usivitumie. Vitufe vingine vinatosha.

Kama siku moja utajenga kwa ajili ya kompyuta pekee na bodi za kuokoa zimeisha, kuna bodi ndogo ya Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 4, inayowekewa programu ya bure iitwayo GP2040-CE na kuwa ubongo wa joystiki bila kukwaruza kaboni yoyote. Kwa PS2 zako haikusaidii moja kwa moja. Kwa sasa baki na feki.

Kabla ya kufunga skrubu za chini, chomeka kwenye PS2 na uingie sehemu ya mazoezi ya Tekken 5, uwashe maonyesho ya vitufe kwenye skrini. Bonyeza kimoja kimoja. Kisha zungusha mpini polepole duara zima na uangalie mishale minne na pembe zote nne zinatokea kwa zamu. Pembe moja ikikosekana, swichi mojawapo ya mbili zinazoizunguka imekaa mbali na fimbo. Legeza skrubu zake, isogeze kama unene wa karatasi mbili, kaza, zungusha tena. Pedi feki ya kwanza utakayoipima nitumie matokeo yake uliyoandika, kitufe kwa kitufe, na picha ya bodi pande zote mbili, nikuonyeshe vitundu vya kuchomea.